Imelinganishwa na nini?

Tarehe 25 Aprili 1983 jarida la Stern liliwaita waandishi wa habari mjini Hamburg, Ujerumani Magharibi, likawaonyesha madaftari ambayo lilisema ni shajara za Adolf Hitler. Yalikuwa yapatayo 60, yameandikwa kwa mkono, na jarida lilikuwa limetoa marka zipatazo milioni 9.3 kuyapata. Kabla ya kutangaza, wahariri walitafuta wataalamu wa mwandiko: mmoja aliwahi kuongoza maabara ya polisi ya Zürich, mwingine alikuwa Mmarekani mwenye jina kubwa katika fani hiyo. Wote wawili walijibu kwamba mwandiko ni wa mtu yuleyule.

Tarehe 6 Mei, siku 11 baadaye, ikatangazwa kwamba madaftari yote ni ya kughushi. Hifadhi ya Nyaraka ya nchi hiyo na maabara ya polisi ya shirikisho zilikuwa zimeweka kurasa chini ya taa ya urujuanimno, taa ya jamii moja na ile ya samawati ambayo mhudumu wa benki hupitishia noti zako. Karatasi ikang'aa. Ndani yake mlikuwa na kemikali ya kuongeza weupe ambayo viwanda vya karatasi vilianza kuitumia baada ya vita, na Hitler alikufa Aprili 1945. Nyuzi za majalada zilikuwa na polista. Wino ulikuwa haujafikisha hata umri wa mtoto wa chekechea. Mwenye kazi, Konrad Kujau wa Stuttgart, alikuwa akizimwagia kurasa chai ili zionekane kuukuu, na kwa macho matupu chai ilitosha.

Watu wakisimulia kisa hiki huishia hapo, kwenye ushindi wa taa. Mimi huvutiwa zaidi na wale wataalamu wa mwandiko. Hawakuhongwa. Walichukua kurasa za shajara wakazilinganisha na nyaraka nyingine walizokabidhiwa kuwa ni za Hitler, na miongoni mwa nyaraka hizo zilikuwemo zilizoandikwa na Kujau huyohuyo. Waliposema mkono ni mmoja, walikuwa sahihi kabisa.

Swali ambalo lingewaokoa lina maneno matatu: imelinganishwa na nini? Tangu mwaka ule maabara za uchunguzi wa jinai zimejaa mashine ambazo Kujau hakuziota, za leza, za eksirei, za kamera zinazoona mwanga usioonekana. Mashine zimebadilika, swali halijabadilika. Na kwa maoni yangu ndilo swali ambalo mawakili, mahakimu na sisi waandishi hulisahau mara tu tunapowekewa mezani karatasi yenye grafu.

Mistari, vilele na mabonde

Kati ya mwaka 1859 na 1860, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, wakiwa Heidelberg, walionyesha kwamba kila elementi ikichomwa hutoa mwanga wenye mistari yake ya rangi, kila mstari mahali pake. Kwa kusoma mistari tu waligundua elementi mbili zilizokuwa hazijulikani, sesiamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja moto ulizuka Mannheim, mji ulio mbali na pale, nao wakaelekeza chombo chao dirishani wakasoma bariamu ndani ya miali bila kunyanyua mguu. Tuiweke akilini hiyo bariamu, itarudi ikiwa ndani ya mfuko wa koti.

Molekuli nazo zina tabia yake. Atomi zilizoshikana hazitulii. Hutikisika kwa kasi maalumu, kama nyuzi za gambusi zilizokazwa kila mmoja kwa sauti yake. Ukizimulika kwa infraredi, ule mwanga ulio nje ya wekundu ambao William Herschel aliugundua mwaka 1800, molekuli hunyonya sehemu zinazolingana na mitikisiko yake na kuziacha nyingine zipite. Ukizimulika kwa leza, sehemu ndogo mno ya mwanga hurudi ikiwa imebadilika rangi kidogo. Jambo hili la pili liliripotiwa mwaka 1928 na C.V. Raman akiwa Calcutta, na miaka miwili baadaye akatunukiwa Nobeli ya fizikia. Leo kifaa cha Raman kinaenea kiganjani. Ofisa forodha anakielekeza kwenye mfuko wa nailoni wenye unga mweupe, anasubiri kidogo, anasoma jina kwenye skrini, na mfuko haujafunguliwa. Kwa kesi hilo si jambo dogo, maana kielelezo kisichofunguliwa kinabaki na lakiri yake.

Ila jina lile halikutoka kwenye unga. Kilichotoka kwenye unga ni mstari wenye vilele na mabonde. Kifaa kilichukua mstari huo kikapitia maktaba iliyomo ndani yake, maelfu ya mistari iliyopimwa na watu wengine mahali pengine, kikatoa ule unaofanana zaidi. Kama kitu chenyewe hakimo maktabani, kifaa hunyamaza, au, vibaya zaidi, hutaja kilicho karibu.

Upande wa picha mambo yamekwenda mbali vilevile. Kamera ya simu yako huhifadhi rangi tatu katika kila nukta ya picha: nyekundu, kijani na samawati. Zipo kamera za maabara ambazo katika kila nukta huhifadhi mamia ya vipande vya mwanga, kuanzia urujuanimno hadi ndani kabisa ya infraredi, hata kila nukta ikawa na grafu yake. Shati jeusi lililolowa damu ni mfano rahisi. Kwa macho, damu iliyokauka juu ya kitambaa cheusi haionekani. Kwenye picha ya infraredi, rangi nyingi za kutia nguo huacha kunyonya mwanga, shati linageuka kijivu au karibu jeupe, na madoa yanabaki meusi. Mpelelezi anaona yalikorukia, ukubwa wa matone, mahali palipofutwa kwa kitambaa.

Mkataba uliojisuta

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa karatasi, kwa sababu kesi za karatasi ndizo zinazowakuta watu wa kawaida.

Tuseme kuna mkataba wa malipo ya awali ya kiwanja, wa aina tunayoijua: ukurasa mmoja uliochapwa stationery, saini nne, alama ya dole gumba, muhuri wa serikali ya mtaa, na kiasi kimejazwa kwa kalamu nyeusi, Sh4,500,000. Mnunuzi anasema alilipa hizo. Muuzaji anaapa kwamba alipokea milioni moja na nusu. Mashahidi wawili wamegawanyika, wa tatu amehama mji.

Mtaalamu wa nyaraka anaiweka karatasi ndani ya kisanduku cheusi chenye taa, vichujio na kamera. Anafunga mlango. Kwenye skrini panatokea picha ya kijivu, naye anaanza kubadilisha vichujio, akisogea hatua kwa hatua kutoka wekundu ambao jicho linauona kuelekea infraredi, yaani kupita nanomita 700 hivi. Wino wa muhuri unafifia. Anasogeza tena, saini zinaanza kuyeyuka, maana wino wa kalamu nyingi za kawaida umetengenezwa kwa rangi ambazo infraredi huzipita kana kwamba hazipo. Maneno yaliyochapwa yanabaki meusi tititi, kwa kuwa unga wa printa una kaboni, na kaboni hunyonya mwanga wote huo. Anasogeza tena. Tarakimu za kiasi zinatoweka, 5 imekwenda, sufuri zimekwenda. Mwanzoni mwa namba pamebaki vistari viwili vifupi vyeusi, kimoja cha kuinama na kimoja cha kulala, vinaning'inia peke yake kwenye karatasi tupu. Ndivyo vilivyoigeuza 1 kuwa 4. Aliyeviongeza alitumia kalamu ya jeli yenye kaboni.

Nguvu ya ushahidi huu iko mahali pamoja: karatasi imelinganishwa na yenyewe. Hakuna maktaba, hakuna makadirio, hakuna haja ya kujua kalamu ngapi za aina ile zimeuzwa Kariakoo mwaka huo. Hakimu anaonyeshwa picha mbili, anaona.

Geuza kidogo, nguvu hiyo inaondoka. Kama mghushi angetumia kalamu ya Bic kama ile ya mwanzo, kisanduku kisingeonyesha kitu, na ripoti ingeandikwa kwamba hakuna tofauti iliyoonekana kati ya wino. Nimeshasikia watu wazima wakiitafsiri sentensi hiyo kuwa hati ni halali. Haisemi hivyo. Inasema kalamu mbili za kiwanda kimoja hufanana.

Rangi ya gereji

Ajali za kugonga na kukimbia zina somo lake, na katika hili ughaibuni wameweka akiba ambayo sisi hatuna sababu ya kuona haya kuiiga. Gari likimgonga mtu au nguzo huacha vipande vya rangi, vingine vidogo kuliko punje ya mchele. Kikikatwa kwa upande na kuwekwa chini ya hadubini, kipande hicho huonyesha tabaka: rangi ya chini inayozuia kutu, ya kati, rangi yenyewe, na vanishi ya juu. Kila tabaka linapimwa peke yake kwa infraredi, linatoa mstari wake. Polisi wa Kifalme wa Canada wanatunza hifadhidata ya rangi za magari iitwayo PDQ, ambayo maabara za nchi nyingine pia huchangia. Kutokana na mpangilio wa tabaka, mpelelezi anaweza kuambiwa kiwanda, aina na miaka ya gari la kutafutwa, hata kama hakuna shahidi aliyeliona.

Magari yetu mengi yamekuja yakiwa yametumika, mengi kutoka Japani, na mengi yameshapita gereji zaidi ya moja. Bampa limepigwa puti, mlango umepakwa rangi iliyochanganywa kwa kukadiria, boneti imetolewa gari jingine. Mtu anaweza kudhani fujo hiyo inaharibu ushahidi. Kwa kweli inafanya kazi pande mbili. Hifadhidata ya viwandani haitasaidia sana kumtafuta dereva asiyejulikana, kwa sababu tabaka za juu si za kiwandani. Lakini gari likishakamatwa, mlango wenye tabaka saba zilizopakwa na mafundi watatu kwa miaka kumi ni mlango ambao hauna pacha. Corolla mbili nyeupe zilizotoka kiwandani mwaka mmoja hazitenganishiki kwa rangi. Corolla iliyopigwa rangi mara tatu inajitaja yenyewe.

Kwa hiyo uzito wa mfanano hautoki kwenye mashine. Unatoka kwenye uchache wa kitu chenyewe mitaani. Uingereza walilijifunza hilo kwa gharama kubwa.

Chembe moja

Asubuhi ya tarehe 26 Aprili 1999, Jill Dando, mtangazaji wa BBC aliyekuwa akiendesha kipindi cha kusaidia polisi kutafuta wahalifu, aliuawa kwa risasi moja ya kichwa mlangoni kwake, Fulham, London. Mwaka mmoja na ushei baadaye alikamatwa mtu aliyekuwa akiishi mtaa wa jirani. Katika mfuko wa ndani wa koti lake maabara ilikuta chembe ya masalia ya mlipuko wa risasi, upana wake karibu sehemu moja ya mia ya milimita.

Chembe za namna hii hutafutwa kwa hadubini ya elektroni. Unyuzi wa elektroni unaipiga chembe, nayo inarudisha eksirei ambazo nguvu yake hutaja elementi zilizomo. Kichocheo cha risasi nyingi kina misombo ya bariamu, antimoni na madini ya risasi, na chembe iliyotokana na mlipuko huo huwa ya mviringo, imeyeyuka na kuganda hewani. Viambajengo vya chembe ya kwenye koti vililingana na masalia yaliyokutwa kwa marehemu. Mashine ilipima vizuri. Julai 2001 mshtakiwa akapewa kifungo cha maisha.

Novemba 2007 Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu hiyo. Safari hii wanasayansi wenyewe waliulizwa swali ambalo baraza la wazee wa mahakama lilikuwa halijalisikia likijibiwa sawasawa: kama mtu huyu hakufyatua bastola siku ile, kuna uwezekano gani wa kukuta chembe moja ya aina hii kwenye koti lake? Jibu lilikuwa kwamba uwezekano ni uleule, awe alifyatua au hakufyatua. Chembe moja inaweza kutoka kwa askari aliyekukamata, kwenye kiti cha gari la polisi, kwa mtu uliyesuguana naye. Ukiweka kwenye mizani, inalala katikati. Kesi iliposikilizwa upya, ushahidi wa chembe haukuruhusiwa, na tarehe 1 Agosti 2008 akaachiwa huru. Alikuwa ameshakaa gerezani miaka. Muuaji wa Dando hajajulikana hadi leo.

Wamarekani walikuwa na kosa la ukoo huohuo, kubwa zaidi kwa wingi. Kwa miongo kadhaa FBI ilikuwa ikipima madini ya risasi yaliyotolewa mwilini au mahali pa tukio na kuyalinganisha na risasi zilizokutwa nyumbani kwa mshukiwa. Mwishoni walikuwa wakipima elementi saba zilizomo kwa kiasi kidogo: aseniki, antimoni, bati, shaba, bismathi, fedha na kadmiamu. Vipimo vikifanana, shahidi wa FBI aliweza kuliambia baraza kwamba risasi zilitoka boksi moja, au zilitengenezwa siku moja. Tangu miaka ya mwanzo ya 1980 maabara hiyo ilishughulikia kesi zipatazo 2,500 za namna hii.

Mwaka 2004 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti lilitoa ripoti. Halikuwa na ugomvi mkubwa na kipimo. Lilichofanya ni kwenda kuuliza kiwandani: tanuru moja la madini yaliyochanganyika sawasawa hutoa risasi ngapi? Kwa risasi ndogo za kaliba .22, jibu lilikuwa kuanzia 12,000 hadi milioni 35. Milioni 35 zenye saini moja ya kemikali, zikagawanywa kwenye maboksi, maboksi kwenye maduka. Septemba 2005 FBI iliacha kipimo hicho moja kwa moja. Jambo linaloniumiza kichwa ni kwamba swali la kiwandani lilikuwa la simu moja tu.

Vidonge vilivyosimulia vilikotoka

Nisije nikaonekana napinga mashine. Zikiwa na cha kulinganisha nacho, hufanya kazi ambayo askari mia wasingeifanya.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Asia ya Kusini-Mashariki ilijaa atesuneti bandia, dawa ya malaria iliyokuwa tegemeo kule na ambayo dawa mseto tunazotumia Afrika Mashariki ni za ukoo wake. Pakiti zilikuwa na hologramu za kughushi, nyingine zimetengenezwa kwa ustadi hata mfamasia asingeshtuka. Interpol, Shirika la Afya Duniani, madaktari na maabara za nchi kadhaa waliungana katika kazi waliyoiita Operesheni Jupiter, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008.

Walikusanya sampuli 391. Karibu nusu hazikuwa na atesuneti, au zilikuwa nayo kidogo mno. Spektromita ya masi ikataja kilichomo badala yake, zikiwemo dawa zilizopigwa marufuku na safroli, malighafi inayotumika kutengeneza dawa za kulevya aina ya ekstasi. Hiyo peke yake ni dokezo: aliyesaga vidonge alikuwa na vyombo vilivyofanya kazi nyingine. Kisha wakatazama vijazio. Chokaa iliyochanganywa humo ilipimwa aina zake za kaboni na oksijeni, ikaonekana ni ya mawe yapatikanayo kusini mwa China. Wakatafuta na chavua iliyonaswa ndani ya vidonge, nayo ikaelekeza kusini mwa China, mpakani. Taarifa hizo zikakabidhiwa kwa serikali ya China, na mwaka 2006 akakamatwa mtu mkoani Yunnan, akituhumiwa kuuza pakiti 240,000 za dawa hiyo bandia.

Kumbuka walikuwa na nini mkononi. Walikuwa na dawa halisi kutoka kwa mtengenezaji halali, hologramu yake halisi, ramani za miamba na orodha za mimea inayotoa chavua ile. Kila mstari uliotoka mashineni ulikuwa na mahali pa kutua.

Kifaa cha Raman cha mkononi, ambacho mamlaka ya dawa ya Nigeria, NAFDAC, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo barani Afrika kukipeleka mitaani, kinafuata njia hiyohiyo: kwanza unakionyesha dawa halisi, ndipo unakionyesha ya dukani. Kidonge cha chaki kinaumbuka papo hapo. Kidonge chenye nusu ya dozi kinaweza kupita, kwa sababu vilele viko pale pale, vimepungua urefu tu. Na nusu ya dozi ndiyo inayofundisha vimelea usugu.

Maiti isiyokatwa

Jambo la picha ambalo nadhani litagusa pwani yetu kuliko mengine ni uchunguzi wa maiti kwa skani ya CT. Mwishoni mwa miaka ya 1990 taasisi ya tiba ya mahakama ya Bern, Uswisi, chini ya Richard Dirnhofer na Michael Thali, ilianza kupitisha maiti kwenye mashine za CT na MRI na kupima uso wa mwili kwa mwanga, mpango ulioitwa Virtopsy. Risasi, vipande vya chuma, mifupa iliyovunjika na hewa iliyoingia mahali isipotakiwa huonekana bila kisu. Kwa familia ya Kiislamu inayotaka kuzika kabla ya magharibi na isiyotaka marehemu apasuliwe, tofauti yake ni kubwa, na nchini Uingereza familia kama hizo zimekuwa mstari wa mbele kuiomba huduma hii.

Waingereza walifanya jambo la busara: waliijaribu dhidi ya kisu. Utafiti uliotoka katika jarida la Lancet mwaka 2012 ulichukua maiti 182, kila moja ikaskaniwa kisha ikapasuliwa, na majibu yakawekwa ubavuni. Sababu ya kifo iliyotajwa na CT ilitofautiana pakubwa na ya upasuaji katika asilimia 32 ya maiti. Ya MRI, asilimia 43. Maradhi ya mishipa ya moyo na damu iliyoganda mapafuni ndiyo yaliyoponyoka zaidi. Mtu anaweza kusikitishwa na takwimu hizo. Mimi naziona kuwa uaminifu wa nadra, na zinamsaidia daktari kujua ni maiti ipi inatosha kuskaniwa na ipi haitoshi.

Bahasha, saini na maktaba

Tanzania ina Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, iliyoanza kama maabara ya Wajerumani mwaka 1895, na ripoti zake hufika mahakamani kwa wingi, kuanzia za vinasaba hadi za dawa za kulevya. Ukifuatilia hukumu za Mahakama ya Rufani, utaona kesi zinazoanguka mara nyingi haziangukii kwenye mashine. Zinaanguka njiani, kati ya mahali pa kukamatia na mlango wa maabara. Katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, ambayo mawakili huitaja hadi kesho, mahakama hiyo ilieleza haja ya kumbukumbu ya maandishi inayoonyesha nani alikamata kielelezo, nani alikitunza, nani alimkabidhi nani, na kilipimwa wapi. Baadaye ililegeza kidogo kwa vitu visivyo rahisi kubadilishwa, kama meno ya tembo. Unga mweupe si pembe. Unga unabadilishwa ndani ya dakika.

Wanaodhani ni ugonjwa wa nchi maskini wakumbuke Massachusetts, Marekani. Huko mkemia wa maabara ya serikali ya jimbo alikuwa akisaini majibu ya sampuli za dawa za kulevya ambazo hakuzipima, akizitazama kwa macho tu na kuziandika. Alikiri makosa mwaka 2013, na Aprili 2017 kesi zaidi ya 21,000 zikafutwa. Mashine zilikuwepo, zimewashwa, ziko safi.

Kwa hiyo wakili anayesimama mbele ya mkemia ana mambo ya kuuliza ambayo hayahitaji shahada ya fizikia. Lakiri ilikuwa na namba gani ilipoingia, na namba gani ilipotoka? Mstari huu ulilinganishwa na sampuli gani, iliyotoka wapi? Kama mteja wangu hahusiki kabisa, ungetarajia kuona nini? Swali hili la mwisho ndilo lililomtoa yule mtu wa London gerezani, na shahidi mwaminifu hulipenda, kwa sababu linamruhusu kusema mipaka ya kazi yake bila kuonekana anarudi nyuma.

Linabaki suala la maktaba, na hapa sitaki kulaumu mtu kwa sababu ni kazi ya miaka. Maktaba zinazokuja ndani ya vifaa zimejengwa zaidi Ulaya na Amerika Kaskazini. Zina heroini na kokeini, zina rangi za viwanda vikubwa, zina nyuzi za mazulia ya huko. Gongo ya kijiji fulani, dawa ya panya iuzwayo kwa kijiko sokoni, mchanganyiko wa rangi wa fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Grogan, Nairobi, udongo mwekundu wa barabara ya shamba uliokauka kwenye tairi: hivyo vitaingia maktabani siku mtu wa hapa atakapoviingiza. Kwa rangi za magari, si lazima kungoja kifaa kipya. Anatosha ofisa mmoja wa maabara atakayezunguka gereji, akwangue, aandike gari, mwaka na jina la rangi, na atie kila kipande kwenye bahasha yake. Atahitaji kisu kidogo, kalamu, ruhusa ya mafundi, na mtu wa kumrudishia nauli.